Istilahi za Ukaguzi wa Mitaro, Matuamio na Malundo katika Migodi ya Makaa ya Mawe

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi zinazohitajiwa na mtu anayekagua mambo matatu katika mgodi wa makaa ya mawe: njia za maji, mabwawa yanayoyapokea maji hayo, na malundo ya udongo, mawe na makapi yanayobaki baada ya makaa kutolewa. Wasomaji wetu wengi ni wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao pengine hawajapata kuuona mgodi kwa macho yao. Hata hivyo wao ndio watakaofasiri kanuni, ndio watakaoandaa fomu za ukaguzi, na ndio watakaowafundisha vijana maneno yatakayoandikwa katika fomu hizo. Tangu Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, kazi hiyo haiwezi tena kuahirishwa.

Makaa ya mawe si jambo la mbali kwetu. Mgodi wa Kiwira ulifunguliwa mwaka 1988, na uchimbaji wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza mwaka 2011. Sehemu hizo za kusini na kusini-magharibi ni nchi ya miinuko na mabonde, yenye msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza mwishoni mwa mwaka. Mahali penye mteremko, mvua nyingi na udongo uliofukuliwa, maji ndiyo mkaguzi wa kwanza: hupita kila mahali na kuujua kila udhaifu. Mkaguzi wa kibinadamu hana budi kumfuata, naye anahitaji maneno ya kuandikia anachokiona.

Rai yetu ni moja. Jina la kitu cha mgodini na lifuate kazi kinachoifanya kitu hicho. Likifuata sura yake tu, au likiwa kivuli cha neno la kigeni, mkaguzi atatazama pasipostahili na kuacha panapostahili. Ili msomaji asidhani kwamba twabishana juu ya maneno matupu, tutaanza na mambo yaliyokwisha kutokea.

1. Lundo lililokuwa na jina lisilo lake

Asubuhi ya Oktoba 21, 1966, katika kijiji cha Aberfan, kusini mwa Wales, lundo la saba la masalia ya mgodi liliporomoka kutoka mlimani likaifunika shule ya Pantglas na nyumba zilizokuwa karibu nayo. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto. Lundo hilo lilianzwa mwaka 1958, nalo lilimwagwa juu ya ardhi yenye chemchemi. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri ya mji alikuwa ameandika barua ambayo kichwa chake kilitaja hatari ya tope la makaa lililokuwa likimwagwa nyuma ya shule. Baraza la uchunguzi lililoongozwa na Jaji Edmund Davies lilitoa taarifa yake mwaka 1967, na likaliwekea lawama shirika la taifa la makaa ya mawe. Jambo moja lililodhihirika ni kwamba malundo hayakuwa na utaratibu wa kukaguliwa. Sheria ya migodi ya wakati huo haikugusa uimara wa malundo. Ilibidi sheria mpya itungwe mwaka 1969. Kwa watu wa mgodi ule, lundo lilikuwa taka, na taka haina mhandisi.

Miaka mitano hivi baadaye, Februari 26, 1972, jambo la namna hiyo lilitokea katika bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, Marekani. Huko makapi ya makaa yalikuwa yamerundikwa kulikinga bonde, na maji meusi yaliyotoka katika kiwanda cha kuoshea makaa yakasimama nyuma yake. Baada ya mvua ya siku kadhaa, kizuizi cha tatu kilibomoka, na maji yapatayo lita milioni 500 yakashuka bondeni. Watu 125 walikufa, na wengine wapatao 4,000 wakakosa makazi. Kizuizi hicho kilikuwa kimesimamishwa juu ya tope lililotuama nyuma ya vizuizi vilivyokitangulia, wala hakikufika kwenye mwamba. Tena hakikuwa na njia ya dharura ya kupitishia maji ya mvua kubwa. Siku nne tu kabla ya hapo, mkaguzi wa serikali alikuwa amesema kwamba hali yake ni ya kuridhisha.

Wafasiri na waitazame habari hiyo kwa jicho la lugha. Kwa sura, kile kilikuwa lundo la makapi. Kwa kazi, kilikuwa bwawa, kwa kuwa kilizuia maji. Mtu anayekagua lundo huuliza kama mteremko wake umetulia. Mtu anayekagua bwawa huuliza maswali mengine zaidi: maji yamefika kimo gani, yakizidi yatapita wapi, na ni nani aishiye chini yake. Kanuni za Marekani zilizowekwa baada ya msiba huo ziliacha kuitegemea sura. Kizuizi chochote cha mgodini kiwezacho kuzuia maji hadi kimo cha futi 20, yaani mita 6 hivi, au hata cha futi 5 tu iwapo maji yake ni mengi kufikia kiasi kilichotajwa, huhesabiwa kuwa bwawa, nacho kwa kawaida hukaguliwa kwa vipindi visivyozidi siku 7. Haijalishi kimejengwa kwa zege, udongo au makapi.

Hapa nyumbani, Novemba 7, 2022, ukingo wa bwawa la masalia la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulibomoka, na tope likaenea katika mashamba na makazi ya watu. Almasi si makaa, lakini bwawa ni bwawa. Maneno tutakayoyaeleza hapa yana kazi katika mgodi wowote.

2. Njia za maji: kingamaji, mtaro na mfereji

Waingereza wana neno moja wanalolitumia kwa njia zote za kuyaondoa maji, nao huliongezea maneno mengine wanapotaka kutofautisha. Mfasiri mvivu huliandika neno hilo kuwa «mitaro» popote alikutapo. Lakini mgodini kuna njia za maji za aina nne, na kila moja ina kosa lake.

Ya kwanza ni ile inayopita juu ya mgodi ili kuyaepusha maji ya mvua yasiingie machimboni. Maji hayo hayajaguswa na makaa, na kusudi ni kuyarudisha mtoni yakiwa vilevile. Kwa njia hii tunapendekeza neno kingamaji, wingi makingamaji, ambalo mabwana shamba na wakulima wa milimani wamekwisha kulizoea kwa maana ya matuta na mitaro inayokinga mmomonyoko. Ni neno lililokwisha kufanya kazi shambani. Lihamie mgodini bila kubadilishwa. Kosa la kingamaji ni kuvunjika ukingo, maana hapo maji safi huingia mgodini na kuongeza mzigo wa mabwawa.

Ya pili ni ile inayokusanya maji ndani ya eneo la mgodi na kuyapeleka bwawani. Hii na iitwe mtaro mkusanyo. Kosa lake ni kuziba au kufurika, maana hapo maji machafu hutoroka yasifike bwawani. Msomaji ataona kwamba makosa ya kingamaji na ya mtaro mkusanyo ni kinyume: kwa moja twaogopa kuingia, kwa mwingine twaogopa kutoka. Fomu inayoviita vyote viwili «mitaro» haiwezi kulisema hilo.

Ya tatu imefichika. Kabla ya lundo kurundikwa, mawe magumu hupangwa chini yake ili maji ya chemchemi yapate njia ya kutokea yasilowanishe lundo lenyewe. Njia hiyo tunaiita mtaro wa kitako, kwa kuwa imo katika kitako cha lundo. Mkaguzi hawezi kuuona ila mwisho wake, na anachokagua ni kama bado unatoa maji. Mtaro wa kitako uliotoa maji mwaka mzima, kisha ukakauka wakati wa mvua, haujapona; umeziba, na maji yamo ndani ya lundo. Msomaji aikumbuke Aberfan.

Ya nne ni mfereji wa kutolea, unaoyachukua maji yaliyokwisha kutulia bwawani na kuyafikisha mtoni. Hapa ndipo vipimo vya maji vinapochukuliwa, kwa hiyo sheria huutazama kuliko njia nyingine zote. Tumelichagua neno mfereji kwa sababu katika matumizi ya watu wengi mfereji una mwanzo na mwisho uliokusudiwa, hali mtaro ni shimo refu la kupitishia maji popote.

Mtu asiseme kwamba lugha yetu haina nguvu ya kufanya kazi hii. Wataalamu wa hifadhi ya udongo duniani wanaandika fanya juu katika vitabu vyao vya lugha za kigeni, bila kufasiri, kwa jina la matuta ya mashambani yaliyoenea hasa Machakos, Kenya. Neno hilo lilipendwa kwa kuwa linaeleza kazi: chimba mtaro, udongo utupe juu. Ndiyo kanuni tunayoifuata hapa.

3. Dimbwi, lambo, bwawa na tuamio

Maji ya mtaro mkusanyo hubeba udongo. Yakipunguzwa mwendo, udongo hushuka chini kwa uzito wake: mchanga mzito hushuka mara moja, bali chembe laini za mfinyanzi huchukua saa nyingi na hata siku kadhaa. Bwawa linalojengwa kwa kusudi hilo lahitaji jina lake.

Tumeyapima maneno yaliyopo. Dimbwi ni maji yaliyosimama kwa bahati tu, hayakujengwa na mtu. Lambo limejengwa, lakini kusudi lake ni kuweka maji ya kutumia, hasa ya kunyweshea mifugo, na kuliita bwawa la mgodini lambo ni kuwaalika wachungaji. Hodhi ni ndogo, tena ni ya kuta zilizojengwa. Bwawa ni neno pana linalofaa kuwa jina la jumla la kila mahali palipozuiwa maji. Kwa bwawa hili mahususi tunapendekeza neno tuamio, wingi matuamio, kutokana na kitenzi tuama, kwa kanuni ileile iliyotupatia kimbilio kutokana na kimbia na chujio kutokana na chuja. Kinachotuama chini kinaitwa mashapo, neno ambalo wapishi na wanajiolojia wanalo tayari.

Tuamio lisichanganywe na bwawa la tope, ambalo ni mahali pa kuhifadhia tope la makapi kutoka kiwanda cha kuoshea makaa. Tofauti yao ni hii: katika tuamio maji hupita na mashapo husubiri kuondolewa, katika bwawa la tope, tope limefika mwisho wa safari yake. Tuamio lililojaa mashapo limekufa ijapokuwa lina maji juu, kwa sababu maji yataingia na kutoka kabla chembe hazijapata muda wa kushuka. Ndiyo maana mkaguzi hutafuta ule mti wenye alama za vipimo uliosimikwa ndani ya tuamio, ili aone mashapo yamefika wapi na kama wakati wa kuyazoa umewadia.

Yako maneno mengine matatu ya lazima. La kwanza ni utoro wa maji, ambalo wahandisi wetu wa mabwawa wanalitumia kwa ile njia iliyoachwa makusudi kando ya tuta ili maji ya mafuriko yatoroke pasipo kulivuka tuta lenyewe. Neno hilo ni zuri na lihifadhiwe. La pili ni kimo cha akiba, yaani urefu kutoka uso wa maji hadi mgongo wa tuta. Wafasiri wengine wameandika «ubao huru», wakifasiri sehemu za neno la kigeni moja moja. Hapana mkaguzi atakayefahamu ubao gani uliachwa huru. La tatu ni kitako, yaani mahali tuta au lundo linapokutana na ardhi. Waingereza hupaita mahali hapo kwa jina la kidole cha mguu, nasi hatuna sababu ya kuyapa matuta yetu vidole.

4. Kifusi, makapi na tope

Neno taka limezoewa mno kwa yote yanayotupwa mgodini. Hatuwezi kulipiga marufuku katika mazungumzo, lakini katika ukaguzi halifai. Taka ni kitu kinachofagiwa na kusahauliwa, na jaa au biwi ni mahali ambapo kila mtu hutupa apendavyo. Lundo la mgodini ni jengo. Lina msingi, lina mteremko uliopimwa, na lina mitaro yake. Kanuni za Marekani tulizozitaja zinataka malundo mapya ya makapi yajengwe kwa tabaka zilizoshindiliwa zisizozidi futi 2, na mteremko usiozidi uwiano wa 2 kwa 1, yaani nyuzi 27 hivi, isipokuwa kwa idhini maalumu. Kwa hiyo yafaa pia kutofautisha vitenzi. Kumwaga ni kuacha kitu kianguke chenyewe. Kutandaza ni kukisambaza kwa tabaka. Kushindilia ni kukikandamiza hadi kishikamane. Aberfan makapi yalimwagwa. Ripoti ikisema «kifusi kimewekwa», haijasema lolote.

Vitu vyenyewe ni vitatu. Kifusi ni udongo na mawe yaliyoondolewa ili kulifikia tabaka la makaa. Makapi ni mawe na vipande vibaya vilivyotengwa na makaa baada ya kuchimbwa. Neno hili tunalitoa katika ungo: mwenye kupeta nafaka hutenga punje na makapi. Msomaji makini atasema kwamba makapi ya nafaka ni mepesi, hali yale yanayotengwa na makaa katika kuoshwa ndiyo mazito. Ni kweli, ila maana ya msingi imebaki palepale, kwamba makapi ni kile kilichoachwa baada ya kizuri kuchukuliwa. Tope la makapi ni chembe laini zilizochanganyika na maji ya kuoshea.

Tofauti hizi si za mapambo. Makapi bado yana makaa ndani yake, kwa hiyo yaweza kushika moto yenyewe na kufukuta kwa miaka. Mkaguzi hutafuta moshi, mvuke na harufu ya kiberiti. Kifusi aghalabu hakina hatari hiyo. Tope halina mteremko wala haliwezi kusimama peke yake. Lazima lizuiwe na tuta. Kwa jumla vyote vitatu vyaweza kuitwa masalia ya uchimbaji, lakini neno hilo la jumla litumike katika vichwa vya habari na hesabu za jumla tu. Katika mstari wa ukaguzi na iandikwe ni lipi kati ya hayo matatu.

Hapo hapo tungependa kutoa tahadhari juu ya neno topesumu, linalosikika sana siku hizi. Jina lisibebe hukumu. Tope fulani lina sumu na jingine halina, na kazi ya mkaguzi ni kupima. Tukiliita kila tope topesumu, hatutakuwa na neno la kuwaonya wananchi siku ambayo sumu imo kweli.

5. Maji maangavu si maji safi

Makaa mengi huandamana na madini ya pairiti, yenye chuma na salfa. Pairiti ikifukuliwa na kukutana na hewa na maji, hutoa tindikali, na chuma huyeyuka ndani ya maji hayo. Maji ya namna hiyo huweza kung'aa kama kioo huku yakiua samaki. Yakizidi kupata hewa na tindikali ikapungua, chuma hujitenga na kutanda juu ya mawe ya mto, rangi yake kama ngeu ya seremala.

Kwa sababu hiyo tunashauri maneno matatu yatengwe kabisa. Maji maangavu ni yale yanayopenywa na macho, na hilo mkaguzi aweza kuliandika papo hapo. Maji yenye tindikali ni yale ambayo kipimo cha pH kimeonyesha hivyo. Maji safi ni hukumu inayotolewa baada ya vipimo vyote. Kanuni za Marekani kwa maji yanayotoka katika migodi ya makaa zinataka pH iwe kati ya 6 na 9, na chembe zieleazo zisizidi miligramu 70 kwa lita katika siku yoyote, wala miligramu 35 kwa wastani wa siku 30. Tunasema chembe zieleazo ili kuzitenga na chembe zituamazo. Za kwanza hupatikana kwa kuchuja maji, kukausha kilichobaki na kukipima uzito. Za pili hupatikana kwa kuyaacha maji yatulie kwa muda wa saa moja katika chombo chenye umbo la pia, kisha kusoma mililita zilizoshuka. Ni vipimo viwili, na jibu la kimoja haliwezi kuandikwa mahali pa kingine.

6. Vitenzi vya mkaguzi

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na utajiri kuliko lugha nyingi. Kwa maji yanayojitokeza katika tuta, kitu tunachokiita mvujo, tunaweza kuweka ngazi ya vitenzi vitano, kila kimoja na maana yake maalumu. Kutota: udongo umelowa, lakini maji hayaonekani kutembea. Kutona: maji yanatoka tone kwa tone. Kuchuruzika: maji yanashuka kama uzi, bila kukatika. Kububujika: maji yanasukumwa kutoka chini. Kufoka: maji yanatoka ghafla na kwa nguvu. Ripoti mbili zikitumia ngazi hii, atakayezisoma atafahamu mara moja kama hali imetengemaa au inazidi kuwa mbaya. Aidha, iandikwe rangi. Mvujo maangavu unaochuruzika kwa miaka huenda usidhuru. Mvujo wa tope, hata ukiwa mdogo, unaonyesha kwamba tuta linaliwa kwa ndani.

Kwa mwendo wa ardhi vivyo hivyo. Kumomonyoka ni kuliwa na maji kwa juu. Kutitia ni kuzama polepole. Kufura ni kutokeza nje, hasa kitakoni. Kuporomoka ni kushuka kwa mteremko. Kubomoka ni kuvunjika kwa tuta au ukingo. Ufa ulioonekana mgongoni mwa lundo na kufura kulikoonekana kitakoni, vikiwapo pamoja, humaanisha kwamba lundo limeanza kusafiri. Mkaguzi aliyeandika «kuna uharibifu kidogo» mahali pote pawili amezificha dalili hizo bila kukusudia.

7. Neno linalotupasa kuliepuka

Turudi kwenye Buffalo Creek. Neno kuridhisha linaeleza moyo wa mkaguzi; halielezi hali ya bwawa. Hapana mtu awezaye kurudi kesho akapima kuridhika kwa jana. Tunaomba neno hilo, pamoja na ndugu zake nzuri, wastani na sio mbaya, yaondolewe katika fomu za ukaguzi. Nafasi yao ichukuliwe na vitu vilivyoonekana na kupimwa. Mfano wa kubuni utatosha:

«Tuamio la pili. Kimo cha akiba sentimita 90. Mashapo yamefika nusu ya kipimo. Utoro wa maji hauna kizuizi. Kitakoni, upande wa mashariki, mvujo unachuruzika, maji maangavu; katika ukaguzi uliopita ulikuwa ukitona.»

Maneno hayo hayazidi mistari mitatu, na mwenyekiti wa kijiji kilicho chini ya bwawa aweza kuyafahamu bila mkalimani.

Kuhusu aina za ukaguzi, sheria ya Marekani ya mwaka 1977 juu ya uchimbaji wa makaa ya juu ya ardhi inatofautisha ukaguzi wa sehemu, unaofanywa kwa wastani si chini ya mara moja kwa mwezi, na ukaguzi kamili, unaofanywa kila robo mwaka. Wote hufanywa pasipo kumwarifu mwenye mgodi. Kwa hilo la mwisho tunapendelea ukaguzi bila taarifa kuliko «ukaguzi wa kushtukiza», kwa sababu kusudi la ziara ni kuona hali ya kila siku. Kumshtua mtu si sehemu ya kazi hiyo.

8. Muhtasari wa istilahi

Chembe zieleazo: vipande vidogo vinavyochukuliwa na maji, vipimwavyo kwa miligramu katika lita.
Chembe zituamazo: vipande vinavyoshuka chini maji yakitulia, vipimwavyo kwa mililita katika lita.
Kifusi: udongo na mawe yaliyoondolewa ili kufikia makaa.
Kimo cha akiba: urefu kutoka uso wa maji hadi mgongo wa tuta.
Kingamaji: njia inayoepusha maji yasiingie mgodini.
Kitako: mahali lundo au tuta linapokutana na ardhi.
Makapi: mawe na vipande vibaya vilivyotengwa na makaa.
Mashapo: udongo uliotuama chini ya maji.
Masalia ya uchimbaji: jina la jumla la kifusi, makapi na tope.
Mfereji wa kutolea: njia ya maji kutoka tuamio hadi mtoni.
Mgongo: sehemu ya juu kabisa ya tuta au lundo.
Mtaro mkusanyo: njia inayokusanya maji ya mgodini na kuyapeleka bwawani.
Mtaro wa kitako: njia ya mawe iliyofukiwa chini ya lundo.
Mvujo: maji yanayojitokeza katika tuta au lundo.
Tope la makapi: chembe laini pamoja na maji ya kuoshea makaa.
Tuamio: bwawa la kupunguzia maji mwendo ili mashapo yashuke.
Utoro wa maji: njia ya kupitishia maji yaliyozidi bila kulivuka tuta.

Baadhi ya maneno haya, kama tuamio na mtaro mkusanyo, ni mapendekezo tu, nayo yangali yakingoja kujaribiwa. Mengine yamekwisha kutumika shambani, jikoni na katika kazi za maji, nasi tumeyakusanya mahali pamoja kwa kufuata desturi ya kuanza na hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Tunawaomba wafasiri wayatie katika kazi zao, na walimu wayajaribu darasani. Tunawaomba hasa wale wanaofanya kazi migodini watuandikie, kama wenzao wa machimboni wanayo majina yaliyo bora kuliko haya. Hao wanaosimama juu ya tuta wakati wa mvua ndio wanaolijua vizuri, na neno watakalolitumia wakipiga kelele kuwaonya walio bondeni ndilo linalostahili kuwa sanifu.